Mtoto Amelala Bila Kucheua: Historia ya Ugomvi wa Usiku



Ndugu wasomaji, baba mmoja jirani yetu hapa Bilpam (Bilpam hii ya Juba, iliyorithi jina la kambi ya SPLA kule Gambella, Ethiopia) alinijia baada ya swala ya Alfajiri, macho mekundu. Nikadhani kuna msiba. Kumbe ni mtoto wao wa wiki tano. Kila anapomaliza kunyonya usiku hupitiwa na usingizi palepale kifuani. Mama yake akitaka kumlaza, bibi mzaa baba anakataa: lazima kwanza ainuliwe na apigwepigwe mgongo mpaka acheue, hata ikichukua nusu saa, kwani akilazwa hivyo hivyo atatapika na kupaliwa na maziwa. Basi mtoto anaamka, analia, ananyonya tena, na kazi inaanza upya. Yule mama hajapata usingizi wa maana tangu ajifungue, na sasa mkwe na mkamwana hawasemezani. Swali la baba lilikuwa moja: "Ustadh, jambo hili lina asili katika dini?"

Mimi ni mwalimu wa madrasa, si daktari. Lakini swali lile ni la historia, nikaona nilifuatilie.

Ama Qur'an Tukufu, katika Surat Al-Baqarah aya ya 233, imetaja muda wa kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na katika aya hiyo hiyo imekatazwa mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Habari ya kucheua haimo. Waliozungumzia tumbo la mtoto kwa kirefu ni matabibu wa Kiislamu. Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwaka 925, aliandika risala nzima kuhusu maradhi ya watoto. Ibn Sina (980–1037) katika Al-Qanun fi al-Tibb ameweka mlango wa malezi ya anayenyonya, akaonya kuwa mtoto akishibishwa kupita kiasi kwa mara moja tumbo hujaa upepo. Alitaka apewe kidogo kidogo, kisha abembelezwe polepole na kuimbiwa. Bibi zetu walifanya hayo bila kumsoma Ibn Sina.

Sasa tuangalie wenzetu wa Magharibi, maana huko ndiko mambo yalikobadilika sana. Mwaka 1845 Elijah Pratt wa New York alisajili chuchu ya mpira, na chupa ikaanza kushika nafasi ya ziwa katika nyumba nyingi. Mtoto wa chupa kwa kawaida humeza hewa zaidi. Kisha wakaja wataalamu wa saa: Truby King wa New Zealand, ambaye chama chake cha malezi kilianzishwa mwaka 1907, alifundisha kunyonyesha kila baada ya saa nne, na usiku hapana. Mtoto anakunywa mengi kwa pamoja, kisha anawekwa peke yake kitandani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kucheulisha kulipotoka kuwa msaada kukawa sharti.

Na palipo na upepo wa tumbo huja muuza dawa. Mwaka 1851 William Woodward wa Uingereza alitengeneza ile "gripe water" ambayo karibu kila mmoja wetu aliyezaliwa Kampala, Nairobi au Mombasa amewahi kuionja. Aliichukua kutoka katika dawa waliyopewa watoto wenye homa ya mabwawa. Ilikuwa na mafuta ya mbegu za bizari aina ya shibiti, magadi ya kuokea, sukari, maji, na pombe asilimia 3.6. Naam, ndugu yangu, pombe! Ilitembea na dola ya Kiingereza kutoka India hadi maduka ya pwani yetu, na wazee wetu, watu wa swala tano, waliwatilia watoto vijiko vya kilevi usiku wakishukuru kuwa mtoto ametulia. Hawakujua, na hawalaumiwi. Huko Uingereza pombe iliondolewa mwaka 1992. Siku hizi nyingi hazina pombe, lakini chupa zinatengenezwa na viwanda mbalimbali, kwa hiyo soma maandishi ya kila chupa kabla ya kufungua.

Hata hivyo kosa kubwa zaidi halikuwa la chupa ile. Lilitokana na hofu ile ile ya bibi wa Bilpam, hofu ya kupaliwa. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilitoka mwaka 1946 na kuuzwa kwa mamilioni, katika matoleo ya mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwashauri wazazi wamlaze mtoto kifudifudi, ili akicheua maziwa yasimrudie kooni. Ilionekana ni akili tupu. Kumbe watoto wanaolala kifudifudi ndio wanaokufa zaidi vifo vya ghafla usingizini. Kampeni ya kuwalaza chali ilianza Uingereza mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vikashuka sana. Watafiti waliopitia kumbukumbu hizo mwaka 2005 walikadiria kuwa Uingereza peke yake watoto zaidi ya 10,000 wangeweza kuokolewa kama ushahidi ungesikilizwa mapema. Na kupaliwa hakukuongezeka, kwa sababu mtoto akilala chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula.

Je, kucheulisha kwenyewe? Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti kutoka Chandigarh, India, wa akina mama 71 na watoto wao wachanga. Kundi moja lilicheulisha, jingine halikufanya hivyo, wakafuatwa miezi mitatu. Msokoto wa tumbo haukupungua kwa waliocheulishwa, na tena walitapika maziwa zaidi. Ni utafiti mdogo, sitaki kuutia uzito usio wake. Lakini kilio kina dawa nyingine: Montreal mwaka 1986 watafiti waliwaomba wazazi wawabebe watoto zaidi mchana, hata wasipolia, na wakiwa wa wiki sita kilio chao kilikuwa pungufu kwa asilimia 43. Mbeleko hiyo!

Nilikwenda nyumbani kwa jirani jioni, nikaketi na bibi kwanza kama adabu inavyotaka. Tukakubaliana: akishanyonya, baba ndiye atakayemshika wima begani dakika chache. Akicheua, alhamdulillah. Akiwa amelala, asiamshwe, alazwe chali. Akitapika rangi ya kijani, akikataa kunyonya au akihangaika kupumua, hiyo ni hospitali usiku huo huo.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama wale wanawake 71 wa Chandigarh walikuwa na mama wakwe nyumbani.