Hita ya Jua au Paneli za Umeme? Hesabu Ianzie Bafuni

Mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni za kupasha maji kwa jua. Jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku lilitakiwa kufunga hita ya jua inayokidhi asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa mwaka. Kifizikia, hoja ilikuwa thabiti: hita hunasa takriban nusu ya nishati ya jua inayoifikia, ilhali paneli hugeuza karibu moja ya tano tu kuwa umeme. Hata hivyo, ubora huo hauamui ni mtambo upi utakaorudisha gharama mapema. Kinachoamua ni bili ambayo mtambo unaipunguza.

Tuchukue hita ya lita 200 jijini Nairobi, na tukadirie kuwa inagharimu shilingi 150,000 na uniti ya umeme shilingi 30. Kupasha lita hizo kutoka nyuzi 20 hadi 60 huhitaji uniti 9.3. Jua likibeba asilimia 60 ya mzigo huo, akiba ya mwaka ni takriban shilingi 61,000, na gharama hurudi kwa miaka miwili na nusu.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo inadhania familia ilikuwa ikipasha tangi zima kila siku. Nyumba nyingi za Nairobi hutumia shawa ya umeme inayopasha maji papo kwa papo. Watu wanne wakioga dakika 8 kila mmoja chini ya shawa ya kilowati 5, hutumia uniti 2.7 hivi. Hata jua likibeba mzigo wote, akiba haifiki shilingi 30,000 kwa mwaka. Gharama itarudi baada ya miaka mitano. Na katika nyumba ya kupanga, mwenye nyumba ndiye anayenunua hita, huku bili inayopungua ikiwa ya mpangaji.

Paneli nazo zina mtego wake. Kilowati moja Nairobi huzalisha takriban uniti 4 kwa siku. Kwa gharama ya kukadiria ya shilingi 120,000 bila betri, uniti zote zikitumika, fedha hurudi chini ya miaka mitatu. Lakini saa saba mchana wenye nyumba wako kazini. Kwa kanuni za mwaka 2024, umeme unaopelekwa kwenye gridi hufidiwa nusu ya uniti zake. Nusu ya uzalishaji ikienda huko, muda unakaribia miaka minne.

Kwa hiyo hospitali, hoteli na mabweni, ambako maji moto hutiririka kutwa, yaanze na hita. Duka au ofisi inayofanya kazi mchana ianze na paneli. Vivyo hivyo Mombasa, ambako maji ya bomba tayari ni vuguvugu na kinachokula umeme ni feni na viyoyozi. Sheria ingefaa zaidi kama ingeweka kiwango cha umeme wa kuokolewa, kisha ikamwachia mwenye jengo achague mtambo baada ya kuisoma mita yake.