Unataka kufuga farasi nyumbani kwako Ohio? Soma hii kabla hujasaini

Umepata nyumba nje kidogo ya Columbus. Ina ekari mbili na nusu, nyuma kuna banda la zamani la mbao, na bei unaimudu. Dalali anakwambia, "Hapa hata farasi unafuga, hakuna shida."

Inawezekana yuko sahihi. Inawezekana pia kwamba mwezi wa tatu baada ya kuhamia utapokea barua inayokutaka umwondoe mnyama, huku mkopo wa nyumba wa miaka 30 ukiendelea kukusubiri kila mwisho wa mwezi.

Waafrika Mashariki wengi wameweka makazi Ohio, na wapo wanaotoka katika nyumba za kupanga mjini kwenda kutafuta kiwanja kikubwa chenye nafasi ya mifugo. Kwa sisi tuliozoea kuona mbuzi anavuka barabara ya mtaa bila kuulizwa na mtu, suala la kibali cha kufuga nyumbani kwako mwenyewe linaweza kuonekana kama mzaha. Marekani si mzaha. Na Ohio ina kanuni zake za kipekee, ambazo hata wenyeji wengi hawazijui vizuri.

Kwanza, kanda ni nini?

Miji ya Marekani hugawa ardhi katika kanda: hapa makazi, pale biashara, kule viwanda, kule kilimo. Kila kanda ina orodha ya yanayoruhusiwa moja kwa moja, yanayoruhusiwa kwa kibali chenye masharti, na yasiyoruhusiwa kabisa. Farasi anaweza kuwa kwenye orodha yoyote kati ya hizo tatu, kutegemea unaishi wapi.

Mfumo huu ulipata baraka ya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1926, na kesi yenyewe ilitoka hapo hapo Ohio, katika kijiji cha Euclid karibu na Cleveland. Kampuni ya Ambler Realty ilikuwa na ekari 68 na ikalalamika kwamba kanuni za kanda zilizopitishwa na kijiji mwaka 1922 zimeua thamani ya ardhi yake. Ilishindwa, majaji 6 kwa 3. Katika uamuzi huo mahakama ilitoa mfano ambao wanasheria wanaurudia mpaka leo: kero inaweza kuwa tu kitu sahihi kilichowekwa mahali pasipofaa, kama nguruwe sebuleni badala ya zizini. Yaani tangu siku ya kwanza, mifugo ilikuwa ndani ya mjadala.

Swali la kwanza: uko mjini au kwenye taunshipi?

Hapa ndipo wengi wanapotea. Ohio ina miji na vijiji vyenye serikali zao, halafu nje ya mipaka hiyo kuna maeneo yanayoitwa taunshipi. Anwani ya posta inaweza kusema Columbus wakati nyumba iko kwenye taunshipi, kwa hiyo usiamini anwani. Ingia kwenye tovuti ya mkaguzi wa kaunti, andika anwani, na utaona kiwanja kiko chini ya mamlaka ipi.

Kama ni mji au kijiji, kanuni zote ziko mikononi mwa baraza la mji huo. Mji mmoja unaweza kuruhusu farasi kwa idadi fulani ya ekari, mji wa jirani ukapiga marufuku kabisa. Hakuna njia ya mkato, lazima usome kanuni za mji wako.

Kama ni taunshipi, mambo yanabadilika sana, na mara nyingi kwa faida yako.

Kipengele cha sheria unachopaswa kukijua

Sheria za Ohio, kifungu cha 519.21, zinazuia taunshipi kutumia kanuni za kanda kupiga marufuku kilimo. Na neno "kilimo" lina tafsiri yake kisheria katika kifungu cha 519.01, ambapo ufugaji wa farasi na jamii yake umetajwa kabisa. Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama farasi ni mfugo au ni mnyama wa starehe.

Ila kuna ekari. Kama kiwanja chako kinazidi ekari 5, taunshipi haiwezi kutumia kanda kukuzuia kufuga. Kwisha. Hata banda la farasi halihitaji cheti cha kanda, mradi linatumika kwa kilimo kweli na si gereji iliyopewa jina la banda.

Kama ni ekari 5 au chini, uliza kama kiwanja kiko ndani ya eneo lililopimwa na kugawanywa rasmi kuwa viwanja vya makazi, au kwenye kundi la viwanja 15 au zaidi vilivyopakana na kuidhinishwa kwa njia ile fupi ya kugawa ardhi. Kama hakipo kwenye maeneo ya namna hiyo, kinga inabaki hata kama ardhi ni ndogo. Kama kipo, basi:

Kiwanja cha ekari 1 au chini, taunshipi inaweza kudhibiti ufugaji wote.

Kiwanja kinachozidi ekari 1 mpaka 5, inaweza kudhibiti majengo ya kilimo kwa ukubwa, urefu na umbali kutoka mpakani. Ufugaji wenyewe inaweza kuudhibiti pale tu angalau asilimia 35 ya viwanja vya eneo hilo vimeshajengwa jengo linalotozwa kodi.

Rudia kusoma hiyo asilimia 35, maana ndiyo inayomhusu mnunuzi wetu wa ekari mbili na nusu. Leo eneo lina viwanja 40 na nyumba 10, ambayo ni asilimia 25. Taunshipi haiwezi kukugusa. Mwaka ujao mjenzi anainua nyumba nyingine 4, zinakuwa 14 kati ya 40, asilimia 35 kamili. Sasa inaweza. Aliyeingiza farasi kabla ya hapo analindwa, aliyechelewa anaingia chini ya kanuni. Majirani wawili, viwanja sawa, haki tofauti. Ukiniuliza mimi, hesabu nyumba za mtaa mzima kabla hujahesabu vyumba vya nyumba unayonunua.

Jambo jingine: si kila taunshipi ina kanuni za kanda. Ohio, kanuni hizo haziwezi kuanza kutumika mpaka wapiga kura wa eneo wazikubali kwenye sanduku la kura, na kuna taunshipi ambazo hazijawahi kuzikubali.

"Lakini mwenye nyumba wa zamani alikuwa na farasi"

Hili ni kosa la kawaida la wanunuzi. Matumizi yaliyokuwepo kihalali kabla ya sheria kubadilika hulindwa, na ulinzi huo hufuata ardhi, haufi kwa sababu mwenye nyumba amebadilika. Lakini unakufa kwa kuacha. Kwenye taunshipi, kama matumizi yamesitishwa kwa hiari kwa miaka 2 au zaidi, haki imepotea. Mjini baraza linaweza kuweka muda mfupi zaidi, mpaka miezi 6. Banda tupu lenye buibui haliwezi kukutetea. Muulize muuzaji farasi wa mwisho aliondoka lini, na omba uthibitisho: risiti za daktari wa mifugo, za nyasi kavu, za fundi wa kwato.

Ukilazimika kuomba kibali

Kama kanuni zinasema unahitaji kibali chenye masharti, au unataka kuruhusiwa kulegezewa sharti fulani (mathalani una ekari 1.8 na kanuni inadai 2), unakwenda kwenye bodi ya rufaa za kanda. Ya taunshipi huwa na wajumbe 5, wakazi wa eneo hilo hilo. Bodi hutangaza kikao na kuwajulisha wahusika angalau siku 10 kabla. Kikao ni cha wazi, jirani yeyote anaweza kusimama na kusema.

Na watasema. Farasi wa kilo 450 hutoa takribani kilo 22 za kinyesi kwa siku, ambazo kwa mwaka ni kama tani 8. Mjumbe wa bodi anataka kusikia tani hizo zinakwenda wapi, siyo jinsi mwanao anavyompenda farasi. Nenda na mchoro wa kiwanja unaoonyesha banda, uzio, kisima na nyumba za jirani kwa futi. Onyesha lundo la samadi litakaa wapi, mvua ikinyesha maji yataelekea upande gani, na nani atalizoa kila baada ya siku ngapi. Wapitie majirani nyumbani kwao kabla ya kikao. Jirani aliyesikia habari kwako ana hasira kidogo kuliko aliyesoma kwenye tangazo.

Kwa maombi ya kulegezewa sharti la vipimo, mahakama ya juu ya Ohio iliweka vigezo mwaka 1986 katika kesi ya Duncan dhidi ya kijiji cha Middlefield. Miongoni mwake: je, ardhi inaweza kuleta faida bila ruhusa hiyo? Unacholegezewa ni kikubwa kiasi gani? Sura ya mtaa itabadilika? Na hiki kinawaumiza wengi: je, ulinunua huku ukilijua sharti lenyewe?

Ukikataliwa, una siku 30 za kukata rufaa kwenye mahakama ya kaunti. Zikipita, zimepita.

Kesi ya farasi mdogo wa Blue Ash

Kuna mlango mwingine. Mwaka 2013 mji wa Blue Ash, karibu na Cincinnati, ulipiga marufuku farasi kwenye makazi. Familia moja ilikuwa na farasi wa kimo kidogo aliyekuwa akimsaidia mtoto mwenye ulemavu kufanya mazoezi nyuma ya nyumba yao. Majirani walikuwa wamelalamikia uchafu. Mji ukasisitiza aondoke, na mahakama ya kwanza ikaupa mji ushindi bila kesi kusikilizwa kikamilifu.

Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho, Mzunguko wa Sita, ilitengua sehemu ya uamuzi huo. Ilisema suala la kama mji ulipaswa kulegeza kanuni kwa ajili ya mtoto linahitaji kusikilizwa kwa ushahidi, chini ya sheria ya Wamarekani wenye ulemavu na sheria ya haki katika makazi. Haikusema kila mwenye ulemavu ana haki ya farasi. Ilisema mji hauwezi kufunga mlango bila kuangalia mazingira ya mtu husika. Kama una mtoto au mzazi mwenye hali kama hiyo, andika ombi lako kwa maandishi, ambatanisha barua ya daktari, na ulipeleke kabla ya kuingiza mnyama.

Vitu viwili vinavyosahaulika

Chama cha wamiliki wa nyumba wa mtaa. Masharti yake yameandikwa kwenye hati za ardhi na ni mkataba binafsi, kwa hiyo kinga ya kifungu cha 519.21 haiyagusi. Unaweza kuwa na ekari 6, taunshipi ikakupa mkono wa heri, na chama kikakupeleka mahakamani. Omba masharti hayo yote kwa wakala wa hati kabla ya kufunga ununuzi.

Faini. Kukiuka kanuni za kanda za taunshipi ni hadi dola 500 kwa kosa, na kila siku unayoendelea inaweza kuhesabiwa kosa jipya.

Ukiongea na ofisa wa kanda kwa simu, muombe akujibu kwa barua pepe pia, akitaja namba ya kiwanja. Ukiweza, weka kipengele kwenye mkataba wa kununua kinachosema ununuzi unategemea uthibitisho wa maandishi kwamba farasi wanaruhusiwa. Muuzaji akikataa kipengele hicho, muulize kwa nini.