Mbegu ya Pili

Mihogo inayokaangwa jioni pale Mama Ngina, Mombasa, chini ya mibuyu, ikatiwa chumvi, pilipili na ndimu, hailimwi kisiwani. Hutoka bara: mingine huvuka Likoni kutoka Kwale, mingine hushuka kutoka Kilifi. Anayeila huku akitazama meli zikiingia Kilindini anakula zao ambalo mkulima hulikimbilia mahindi yanapomwangusha. Kwa hiyo hapa ni pazuri pa kuulizia habari za mvua. Mila mbili za kuiomba, ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na ya msikiti, zimeishi pande mbili za mlango huu wa bahari kwa karne nyingi, na kwa Wadigo, Wamijikenda ambao wengi wao ni Waislamu, zimeishi nyumba moja.

Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, sehemu kubwa ya maeneo makavu ya Kenya ilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Kinango na Ganze hazikusalimika. Mwishoni mwa 2023 ikaja El Niño na mafuriko yake. Lakini msimu unaoumiza familia kuliko yote ni ule wa mvua ya hadaa. Inanyesha siku chache, watu wanapanda, mahindi yanachomoza, kisha jua linashika mpaka miche inakauka. Mvua inaporudi, mbegu imekwisha. Ile ya kwanza ilishushwa kutoka darini, juu ya moto wa jikoni, moshi ulikokuwa ukiikinga na wadudu. Ya pili sharti inunuliwe au ikopwe, na hapo hata cha kutia chunguni kimepungua. Mila yoyote ya mvua mimi naipima hapo: inamfaa nini mtu anayehitaji mbegu ya pili?

Katika kaya, wazee huingia msituni miguu mitupu, hutoa sadaka, humwomba Mulungu na kuwakumbuka koma, wale waliotangulia. Pamoja na maombi hutafutwa kosa: nani amevunja mwiko, nani amekata mti usiokatwa, ugomvi gani haujasuluhishwa. Sala ya kuomba mvua, istiskaa, haiko mbali na hapo. Waumini huhimizwa kutubu, kurudisha haki za watu, kufunga na kutoa sadaka. Kisha hutoka uwanjani na wazee na watoto wao, wamevaa kinyenyekevu, wakaswali rakaa mbili, na imamu akaligeuza joho lake kwa kutaraji hali nayo igeuke. Kote kuwili, waliodhulumiana hutakiwa wapatane kwanza. Kenya nzima ilifanya maombi ya mvua Nakuru tarehe 14 Februari 2023, lakini taifa ni kubwa mno kwa jirani kumdai jirani haki yake.

Mila hizi mbili zinapoachana ni kwenye mali. Kaya hulinda ardhi. Miiko ya wazee ndiyo iliyoibakisha misitu ambayo UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, huku pori la kandokando likifyekwa. Hilo ni jambo kubwa, ila msitu haugawi mahindi. Fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, imeingia hadi ghalani. Zaka ya mazao ni sehemu moja ya kumi kwa shamba linalonyeshewa na mvua, na nusu ya hiyo kwa shamba linalomwagiliwa kwa gharama ya mkulima. Ambaye mavuno yake hayakufikia kiwango hadaiwi kitu. Naipenda sheria hii. Inatofautisha maji yaliyoshuka bure na maji yaliyotekwa kwa jasho, na inampa maskini haki ndani ya mavuno ya mwenzake, asingoje huruma.

Haki hiyo haikuheshimiwa kila mara. Katika njaa ya Mwakisenge, mnamo 1884, familia za Wamijikenda ziliweka watoto rehani kwa watu wa pwani ili zipate nafaka, na baadhi ya watoto hao waliishia utumwani. Waliowapokea walikuwamo watu wa sala. Lazima tuliseme hili kila tunapozisifu mila zetu, kwa sababu njaa huonyesha mila inafanya kazi au imebaki kutamkwa tu.

Leo mbegu ya pili mara nyingi ni pingili za muhogo, labda kibandameno, ambazo mtu hukatiwa na jirani bila malipo. Ni sadaka ingawa hakuna anayeiita hivyo. Mimi ningependa kuona kamati za misikiti ya Mji wa Kale zikitenga sehemu ya zaka kabla ya masika, iwe kunde, pojo na mahindi ya muda mfupi, na wazee wa kaya, wanaojua ni nyumba gani imepoteza miche, waonyeshe pa kuipeleka. Iende mwezi wa Aprili, udongo ukiwa bado na unyevu. Ikifika Juni, familia itakuwa imeshaila.