Nyufa Nyembamba katika Sanamu za Staffordshire: Nani Aliulipia Mng'ao?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walizungumzia ufa ambao mtu anauona na anaweza kuukandika udongo. Katika insha hii ninashughulikia ufa wa aina nyingine: zile nyufa nyembamba kama nywele zinazosambaa juu ya sanamu ndogo za udongo ambazo watu hukusanya na kupanga kabatini. Mfano wangu ni sanamu zilizotengenezwa Staffordshire, Uingereza, katika karne ya 19. Wakusanyaji wengi huzipenda nyufa hizo wakiziona kuwa dalili ya ukale. Mimi ninadai kwamba nyufa hizo ni shahidi dhaifu wa umri, lakini ni shahidi mzuri wa kazi: zinatuongoza kuuliza sanamu zilitengenezwaje na nani aliumia kwa ajili ya mng'ao wake.

Kwanza tueleze ufa unavyotokea. Kwetu Burundi, vyungu vya Watwa huchomwa bila kupakwa kitu cha kung'arisha, kwa hiyo havipati nyufa hizi. Sanamu ya Staffordshire ni tofauti. Ina mwili wa udongo wenye vitundu vidogo sana, na juu yake utando mwembamba wa kioo. Sanamu iliyokwisha kuchomwa mara ya kwanza ilichovywa katika maji yaliyochanganywa na unga wa madini, kisha ikarudishwa tanuri ili unga uyeyuke na kuwa kioo. Ikipoa, udongo na kioo vyote hunywea. Kioo kikinywea zaidi ya udongo, huwa kama nguo inayobana: huvutika mpaka hupasuka. Huweza kupasuka siku ileile, au baada ya miaka mingi, kwa sababu udongo hufyonza unyevu polepole na kuvimba, ilhali kioo kilichoufunika hakivimbi.

Si kila jamii iliuona ufa huu kuwa dosari. Nchini China, baada ya makao ya wafalme wa nasaba ya Song kuhamia Hangzhou katika karne ya 12, vyombo vya tanuri za kifalme vilisifiwa kwa nyufa zake. Katika vyombo viitwavyo Ge nyufa zilitiwa rangi, nyingine nyeusi na nyingine za manjano, zikawa pambo. Ulaya ilichagua njia nyingine. Kiwanda cha Meissen, kilichoanzishwa Ujerumani mwaka 1710, kilitengeneza kauri ngumu ambayo mwili na utando wake huiva pamoja katika joto kali na kushikamana vizuri. Sanamu za Johann Joachim Kändler, aliyeanza kazi huko mwaka 1731, zilipamba meza za matajiri.

Staffordshire ilimpatia mtu wa kawaida kitu kinachofanana na hicho kwa bei aliyoimudu. Udongo ulikandamizwa katika kalibu chache, na mgongo wa sanamu ukaachwa bapa kwa kuwa ingesimama juu ya meko, ukutani, na hakuna ambaye angeuona. Hivyo nyumba za wafanyakazi zilipata Malkia Victoria na mumewe Albert, Garibaldi, na mbwa waliouzwa wawili wawili. Unafuu huo ndio uliozaa nyufa nyingi: udongo wa vitundu, joto la wastani, kazi ya haraka.

Mng'ao ulitokana na madini ya risasi. Risasi huyeyuka kwa urahisi, hung'aa sana na huficha kasoro ndogo. Pia ni sumu. Mwaka 1841 mkaguzi wa serikali, Samuel Scriven, alichunguza kazi za watoto katika viwanda vya ufinyanzi vya Staffordshire. Aliwakuta watoto wakikimbia na kalibu kuzipeleka katika vyumba vya kukaushia vyenye joto kali, na wengine katika vyumba vya kuchovya, ambako mikono ililowa risasi siku nzima. Sumu hiyo huleta maumivu makali ya tumbo na hupooza misuli ya mikono. Sheria ya viwanda iliwafikia wafinyanzi mwaka 1864, lakini risasi ilibaki.

Mwaka 1899 mkemia T. E. Thorpe na daktari Thomas Oliver waliishauri serikali kwamba bidhaa nyingi zingeweza kutengenezwa bila risasi. Wenye viwanda walipinga, wakisema bidhaa zingetoka na dosari nyingi na soko lingepotea. Hoja yao haikuwa ya uongo mtupu. Magadi na potasi vikichukua nafasi ya risasi bila kipimo, kioo hunywea zaidi, na nyufa huongezeka. Lakini dawa ya ufa ilikuwa imekwisha kujulikana. Mkemia Mjerumani Hermann Seger, aliyefariki mwaka 1893, alikuwa ameonesha jinsi ya kuulinganisha utando na udongo, kwa mfano kwa kuongeza silika. Hata hivyo, matumizi ya risasi mbichi katika utando yalipigwa marufuku Uingereza kwa kanuni za mwaka 1947. Kwa maoni yangu, muda huo wote sanamu ilihurumiwa kuliko mchovyaji.

Kuhusu umri, ufa hudanganya. Watengenezaji wa sanamu za kuiga hupasua utando kwa makusudi na kuutia rangi ya kahawia ili mnunuzi adhani ni uchafu wa miaka mia. Na sanamu mpya iliyochomwa vibaya inaweza kupata nyufa kabla mwenyewe hajaizoea. Ndiyo maana anayetaka kujua umri hana budi kuangalia pia kalibu, uzito, rangi na sehemu ya chini.

Kwa kuhitimisha, sisi wanafunzi wa historia tumezoea kutafuta ushahidi katika barua na mikataba. Mchovyaji wa Staffordshire mara nyingi hakuacha barua. Aliacha sanamu yenye utando alioutia kwa mikono yake. Tukiutazama ufa wake, tusiishie kuuliza sanamu ina miaka mingapi. Tuulize pia yule aliyeichovya aliishi miaka mingapi.