Mtaa wa Victoria na Mwanamke Asiyerudi
Juanita Nielsen, mchapishaji wa gazeti dogo la NOW, alionekana mara ya mwisho tarehe 4 Julai 1975 katika klabu ya Carousel, Kings Cross, mjini Sydney. Wengi huisimulia habari yake kama fumbo la mauaji. Kwangu ni sura ya historia ya ardhi. Alipinga wapangaji wa Mtaa wa Victoria kufukuzwa ili maghorofa yajengwe, wala hakuwa wa kwanza kuandamwa: mwaka 1973 kiongozi mmoja wa wakazi alitekwa kwa siku tatu, akaachiliwa, akahama kimyakimya. Mtu atauliza: mbona mwenye mradi wa maghorofa hayo hakushtakiwa kamwe? Kweli, na si kazi ya mwandishi kumhukumu. Lakini watu wawili walifungwa kwa kula njama ya kumteka Nielsen, na uchunguzi wa kifo chake uliomalizika mwaka 1983 ulitaja ushahidi kwamba rushwa ya polisi huenda ilikwamisha upelelezi. Basi kukosekana kwa mshtakiwa wa mauaji hakuwezi kuzisafisha fedha za majengo. Pengine kukosekana huko ndilo tunda la fedha hizo hasa. Mwili haujapatikana. Nyumba yake, nambari 202, ingali imesimama.