Bidhaa au Taka? Historia ya Usafirishaji wa Hewa Ukaa Kuvuka Mipaka, 1996–2025

1.0 Utangulizi

Historia ya kunasa hewa ukaa viwandani na kuihifadhi chini ya ardhi husimuliwa zaidi kama historia ya uhandisi: mitambo, mabomba, meli na visima. Insha hii inajenga hoja kwamba gesi hiyo ilipotakiwa kuvuka mpaka, swali la kisheria lilikuwa na uzito usiopungua ule wa uhandisi na gharama: je, kinachovushwa ni bidhaa au ni taka?

2.0 Gesi kama Bidhaa

Mwaka 1991 Norwe ilianzisha kodi ya hewa ukaa iliyohusu pia uchimbaji wa mafuta na gesi baharini. Kodi hiyo iliifanya kampuni ya Statoil ione faida ya kutenganisha hewa ukaa na gesi asilia katika eneo la Sleipner, Bahari ya Kaskazini. Kuanzia mwaka 1996, kiasi kinachokaribia tani milioni 1 kwa mwaka kilishindiliwa katika tabaka la miamba la Utsira. Shughuli yote ilibaki chini ya mamlaka ya nchi moja.

Mpaka ulivukwa Amerika Kaskazini mwaka 2000. Bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 300 lilianza kupeleka hewa ukaa kutoka kiwanda cha kugeuza makaa ya mawe kuwa gesi huko Beulah, North Dakota, hadi Weyburn nchini Kanada. Mnunuzi aliihitaji ili kusukuma mafuta yaliyosalia katika visima vikuukuu. Ilikuwa bidhaa yenye bei, na ilipita nchi kavu, nje ya sheria za utupaji baharini. Kinaya ni kwamba bomba hilo lililotangulia lilitumika kuongeza uzalishaji wa mafuta.

3.0 Gesi kama Taka

Hali ilikuwa tofauti pale ambapo gesi haikuwa na mnunuzi. Itifaki ya London ya 1996, inayodhibiti utupaji wa taka baharini, ilianza kutumika mwaka 2006. Mwaka huohuo nchi wanachama zilikubali marekebisho ya kuruhusu hifadhi ya hewa ukaa chini ya sakafu ya bahari. Hata hivyo, Ibara ya 6 iliendelea kukataza kupeleka taka nchi nyingine ili zitupwe baharini. Katazo hilo lilikuwa na hekima yake: lilizuia nchi kukwepa wajibu kwa kuhamishia uchafu kwingine.

Ibara hiyo ilirekebishwa mwaka 2009, lakini marekebisho yalihitaji kuridhiwa na theluthi mbili ya wanachama. Miaka 10 ilipita bila idadi hiyo kufikiwa. Mwaka 2019, kwa pendekezo la Norwe na Uholanzi, wanachama waliruhusu marekebisho yatumike kwa muda baina ya nchi zilizo tayari. Denmark na Ubelgiji zilitia saini makubaliano mwaka 2022, na Machi 2023 gesi kutoka Ubelgiji ilishindiliwa chini ya bahari ya Denmark katika jaribio la Greensand.

Bunge la Norwe nalo liliidhinisha mradi wa Langskip Desemba 2020, serikali ikibeba takriban theluthi mbili ya gharama. Meli hupeleka gesi iliyogeuzwa kimiminika hadi Øygarden, kisha bomba la kilomita 100 huifikisha kisimani, mita 2,600 hivi chini ya sakafu ya bahari. Agosti 2025 ilishindiliwa gesi ya kwanza, kutoka kiwanda cha saruji cha Brevik. Saruji ni mfano wenye uzito, kwa kuwa sehemu kubwa ya hewa ukaa yake hutoka katika chokaa yenyewe. Kubadili nishati pekee hakuiondoi.

4.0 Hitimisho

Mikataba ya baada ya 2019 ilifungua njia, lakini haikufuta swali la wajibu. Chini ya Agizo la Umoja wa Ulaya la 2009, hifadhi ikishafungwa na masharti kutimizwa, dhamana huhamia kwa dola yenye hifadhi hiyo. Hivyo gesi ya kiwanda cha nchi moja huwa amana ya kudumu ya raia wa nchi nyingine, wakiwamo ambao hawajazaliwa. Kwa maana hiyo, hofu iliyozaa Ibara ya 6 haikuwa kikwazo kilichopitwa na wakati. Ni swali ambalo kila mkataba mpya unalazimika kulijibu.