Vinu vya Upepo vya Fungu la Middelgrunden

Mbele ya bandari ya Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, katika mlango wa bahari uitwao Øresund, liko fungu liitwalo Middelgrunden, yaani Fungu la Kati. Mabaharia wa kale walilijua kwa hatari yake. Tarehe 2 Aprili 1801, Nelson alipozishambulia merikebu za Wadenmark, merikebu tatu za Waingereza zilikwama hapo kabla ya kufika mahali pake vitani. Baadaye, kwa muda wa miaka ipatayo mia mbili, fungu likawa jalala la bandari, na matope yaliyochotwa gatini yakamwagwa juu yake.

Haya yafaa kukumbukwa, kwani wale waliotoa shauri la kujenga vinu vya upepo hapo mwaka 1996 hawakuitaka bahari isiyopata kuguswa. Wala shauri lenyewe halikuwa geni. Mwaka 1991 vinu 11 vilikuwa vimekwisha simamishwa baharini huko Vindeby, karibu na kisiwa cha Lolland, navyo ndivyo vya kwanza duniani vya namna hiyo. Lakini Lolland ni nchi ya wakulima; kusimamisha vinu mbele ya macho ya mji mkuu mzima ni jambo jingine.

Mpango uliowekwa mbele ya watu mwaka 1997 ulikuwa wa vinu 27 katika safu tatu. Watu waliulaumu, hasa kwa sura yake. Hapo ndipo penye kiini cha habari hii: lawama zilifika wakati ramani ingali karatasi, nayo ikachorwa upya. Safu tatu zikawa safu moja iliyopindika kama upinde, kwa kuufuata mviringo wa ngome za kale za mji, na vinu vikapungua vikawa 20.

Wengine waliogopa kelele. Hawa hawakujibiwa kwa hesabu za wahandisi, bali walichukuliwa kwenda kusimama chini ya kinu cha kisasa kilichokuwa nchi kavu, wakasikiliza kwa masikio yao wenyewe. Hofu iliyokuwa nzito zaidi ilikuwa ya yale matope ya zamani, kwa kuwa yalikuwa na zebaki na madini mengine yenye sumu, na kuyavuruga kungeweza kuyaeneza majini. Neno hili halikuweza kumalizwa kwa maneno matamu; ilibidi matope yapimwe, na kazi ya kuchimba ilindwe.

Jambo jingine lilikuwa umiliki. Vinu kumi vilikuwa vya kampuni ya umeme ya mji, na kumi vya chama cha ushirika, kilichouza hisa 40,500 kwa watu zaidi ya 8,000. Wadenmark walikuwa wamezoea ushirika tangu viwanda vyao vya maziwa vya karne ya 19, basi hawakuhitaji kufundishwa maana ya hisa. Mwaka 2000 vinu vilisimamishwa, kila kimoja chenye nguvu ya kilowati 2,000.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 2001 kampuni moja ilitangaza kwamba itajenga vinu 170 katika Nantucket Sound, pwani ya Massachusetts, Marekani, napo pia juu ya fungu. Ni desturi kusema kwamba mpango huo uliuawa na matajiri wenye nyumba za pwani. Kweli walikuwako, na fedha yao ilitumika sana mahakamani; lakini kusema hivyo tu ni kuwasahau wavuvi, na zaidi Wawampanoag wa Mashpee na wa Aquinnah, ambao ibada yao ya kulipokea jua likichomoza yataka upeo wa bahari usiozibwa. Kwao, kupunguza vinu au kupinda safu hakungetosha, wala hisa isingekuwa fidia. Serikali ilitoa idhini mwaka 2010. Mwanzoni mwa 2015 makampuni yaliyoahidi kununua umeme yalivunja mikataba yao, na mwishoni mwa 2017 mpango ukaachwa, pasipo hata kinu kimoja kusimamishwa katika fungu lile.